Milango ya Sal Marwa

Khasab, wiki ya mwisho ya tende, Septemba 1994

Kwa Maitha binti Humaid,

Nimeandika mwenyewe. Usiangalie mistari inavyopanda na kushuka. Ustadha wa darasa la watu wazima ameniambia mkono wangu una tabia ya mbuzi. Nikamuuliza, mkono wa mtu wa Sal Marwa uwe na tabia ya nani? Akacheka mpaka akavua miwani.

Joto la hapa pwani bado halijaondoka. Hewa imelowa, ukianika nguo asubuhi unaianua jioni mbichi vilevile. Kaka yako Salmin amefunga mashine ya baridi chumbani kwangu, inanguruma kama ngamia mwenye kikohozi. Mkewe ananiambia, "Shangazi, raha yote hii, huko juu mlimani unafuata nini?" Namjibu nafuata usingizi.

Sasa sikiliza. Jumatatu nilikwenda ofisi ya liwali kugongesha muhuri kadi yangu ya matibabu. Ukutani wamebandika karatasi, kurasa kwa kurasa, orodha ya vijiji vya mkoa mzima wa Musandam. Wilaya ya Khasab, ya Bukha, ya Daba, ya Madha, kila moja na vijiji vyake. Nilisimama nikatafuta kwa kidole. Na nikakipata kijiji chetu, Maitha, mimi mwenyewe, bila kusomewa. Miaka hamsini na tisa sijawahi kuliona jina la kwetu limeandikwa. Mwisho wa mstari kuna neno la kalamu ya mkono, na mimi sikuwa na miwani. Karani alikuwa anakula, sikutaka kumkatisha. Wewe unafanya kazi huko zinakotoka karatasi hizi. Niambie linasema nini.

Nauliza kwa sababu ya birika letu la mawe, la kukingia maji ya mvua. Ufa umeongezeka, na majira yaliyopita maji ya mvua yaliisha kabla shayiri haijatoa masuke. Watu wanasema gari la maji la wilaya litapanda mpaka chini ya ukingo wetu na kujaza kwa mpira, lakini kwa vijiji vilivyomo kwenye orodha tu. Kama tumo, nitapanda mlimani kila baridi mpaka nife. Kama hatumo, basi huu ndio mwisho, maana sina tena mgongo wa kubebea maji.

Karatasi zitakaa ukutani mpaka mwisho wa Desemba, mwenye neno aseme.

Shangazi yako,
Sabha binti Ali


Ruwi, Maskati, 27 Septemba 1994

Shangazi yangu,

Barua yako imechukua siku kumi na moja. Imetoka Oman, imepita nchi ya jirani, imegongwa mihuri mipakani mara mbili, imeingia Oman tena. Kazini nikiweka rula kwenye ramani kutoka Maskati mpaka kwetu, katikati ya rula inalala kwenye nchi ya watu wengine. Nimeshazoea, lakini siku nyingine nasita kuiondoa.

Mwandiko wako naupenda ulivyo. Usimruhusu ustadha aunyooshe.

Nimeuliza kuhusu hilo neno. Linasema "panachunguzwa". Vijiji vingi vya milimani vimeandikwa hivyo, usiwe na wasiwasi.

Lakini nakuomba kitu kimoja. Baridi hii usipande. Kaa kwa Salmin, hospitali ipo karibu, maji yapo bombani. Sijasahau siku ile nilipokuja bila kukuarifu nikakukuta umelala chini ya ngazi za mawe, dumu limepasuka pembeni yako, na ukaniambia unapumzika. Ulikuwa umepumzika tangu asubuhi, shangazi. Ilikuwa alasiri. Midomo yako ilikuwa imekauka na bado ulinikaribisha kahawa.

Mimi nimechoka, si kwa kazi. Nikipata simu ya Salmin moyo unasimama kwanza, ndipo namsalimu.

Maitha


Sal Marwa, baada ya mvua ya kwanza, Novemba

Kwa binti wa kaka yangu, anayeniomba nisipande,

Nimepanda.

Kufuli liligoma. Nikalipaka samli, nikalisemesha, likakubali. Ndani kila kitu kipo mahali pake. Mtungi mkubwa uko palepale babu yako alipouweka kabla hajajenga ukuta, hauna hata ufa, ungekuwa na akili ungelifundisha birika. Nimepanda shayiri kwenye majaruba mawili. Asubuhi ukungu unalala bondeni na mimi nauangalia kwa juu kama mtu mwenye mali. Baridi inang'ata masikio. Nimelala usiku mzima bila ngamia wa Salmin.

Majirani wote hawajambo. Wa kwa Murad wanakusalimu. Bi Ghaya anauliza umeolewa na mtu au bado umeolewa na makaratasi.

Jambo moja limenikaa. Alhamisi alikuja Rashid, mtoto wa marehemu Obaid, na vibarua wawili na nondo. Nikamuuliza, "Umekuja kufungua?"

"Nimekuja kuchukua mlango, mama."

"Mnahama?"

"Tulihama zamani. Ni vile tu hatukusema."

Anataka kuufanya meza ya sebuleni, aweke kioo juu. Nikamwambia, "Mkiweka vikombe juu yake, mwombeni babako radhi kwanza." Akaangalia viatu vyake. Ni kijana mzuri, simlaumu. Vibarua wakaung'oa, mbao nene za mkunazi, na ile nyumba ikabaki imeachama.

Hujasahau ulikolelewa, natumaini. Anayefunga kufuli atarudi. Anayehama anaondoka na mlango. Mpaka Jumatano tulikuwa na nyumba kumi na moja na milango kumi na mmoja. Sasa milango ni kumi.

Naambiwa mwezi wa Agosti walipita wapimaji wa serikali hapa. Agosti! Agosti nani yuko huku, wakati mjusi mwenyewe ameshuka kutafuta kivuli? Walikuta makufuli. Kama hao watu ni wa ofisi yako, waambie wahesabu milango, wasihesabu moshi.

Yule mchunguzi wenu amemaliza kuchunguza?

Sabha


Ruwi, 29 Novemba 1994
(haikutumwa)

Shangazi,

Neno lile linasema "pameachwa". Nimeliandika mimi.

Fomu za wapimaji zilifika mezani kwangu Septemba mwanzoni. Kazi yangu ni kunakili: mkoa, wilaya, kijiji, idadi ya nyumba, hali. Safu ya hali ina maneno mawili tu ya kuchagua, "panakaliwa" au "pameachwa", na chini kuna mstari wa anayethibitisha. Fomu ya Sal Marwa ilisema: nyumba kumi na moja, zote zimefungwa, hakuna mtu, hakuna moshi, safu ya hali iko wazi. Mpimaji hakujua. Ni mtu wa jangwani, kwake mlango uliofungwa kwa kufuli na vumbi juu yake ni mlango uliokufa.

Mimi nilijua. Nilikaa na kalamu kwa muda mrefu kiasi kwamba mwenzangu wa meza ya pili aliuliza, "Vipi, watu wa makufuli wamekushinda?" Hivyo ndivyo wanavyowaita watu wa milima yetu hapa ofisini. Hawajui kuwa mimi ni mmoja wao. Mtu akiniuliza nasema natoka Khasab.

Nikaona ngazi za mawe. Nikaona lile dumu. Nikafikiri: bila gari la maji hatapanda. Atalia mwaka mmoja, kisha atakaa kwa Salmin na mashine ya baridi, na mimi nitapokea simu kama watu wengine wanavyopokea simu. Nikaandika. Nikatia sahihi. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchonga kalamu.

Nilijiambia ni mapenzi. Ningependa kujua kama kuna mtu aliyewahi kumfungia mwenzake maji akajiambia kitu kingine.

Na bado umepanda, bila gari, bila orodha, na mgongo huohuo.


Ruwi, 6 Desemba 1994

Kwa Bwana Yaqub bin Sleyum,
Mkuu wa kitengo cha orodha na mipaka

Baada ya salamu,

Naomba kijiji cha Sal Marwa, wilaya ya Khasab, kikaguliwe upya kabla orodha haijapelekwa kuchapwa. Kilikaguliwa Agosti. Wakazi wa milima ya Musandam hushuka pwani kiangazi kuvuna tende na kuvua, na hupanda baridi kulima. Nyumba iliyofungwa kwa kufuli haijaachwa. Nyumba iliyoachwa haina mlango.

Nilithibitisha hali ya "pameachwa" kwa sahihi yangu. Nilikosea.

Maitha binti Humaid


Ofisini, 12 Desemba 1994

Ndugu Maitha,

Ombi limekubaliwa. Timu itapanda wiki ya tatu ya Januari. Kwa kanuni zetu, nyumba moja tu ikikutwa na mtu inatosha kuhesabu mahali kuwa panakaliwa, na huduma za maji zitafuata.

Hayo ni ya faili. Haya ni yangu na wewe, kwa hiyo nimeyaandika kwa penseli. Binti yangu, nimesoma faili lako la ajira jana, jambo ambalo nilipaswa kulifanya zamani. Mahali pa kuzaliwa: Sal Marwa. Kwa hiyo hukukosea. Mpimaji ndiye aliyekosea, wewe ulijua. Timu ikimkuta huko hata bibi kizee mmoja na kuku wake, mkurugenzi ataniuliza ni nani aliyethibitisha, na mimi sijui kusema uongo mbele ya mkurugenzi, nina sukari. Utaondolewa kwenye kazi, na wenye sahihi ya uongo hawarudishwi popote.

Bado unaweza kuondoa ombi. Hakuna atakayekulaumu ila wewe, na naona hilo umeshaanza.

Yaqub


Ruwi, 15 Desemba 1994

Shangazi yangu,

Kulikuwa na kosa la ofisi kwenye orodha, sasa linasahihishwa. Wapimaji watapanda tena wiki ya tatu ya Januari. Wakimkuta mtu mmoja tu nyumbani kwake, kijiji kinabaki na gari la maji litapangwa.

Kwa hiyo sasa nakuomba kinyume cha nilichokuomba. Usishuke. Kaa nyumbani, washa moto, acha mlango wazi. Wape mkate na samli na waonyeshe mtungi. Mwambie Bi Ghaya na wa kwa Murad nao wasitoke siku hizo.

Kazini salama. Sina jipya.

Maitha


Khasab, Shaabani siku ya saba

Kwa Maitha,

Nimeshuka siku mbili kununua unga na mafuta ya taa, barua yako nimeikuta kwa Salmin.

Usiwe na wasiwasi kuhusu hao wapimaji. Watakuta kila kitu mahali pake.

Nimemwona mmoja wao, anaitwa Hamdan, tulikaa benchi moja nje ya ofisi ya liwali tukisubiri. Ni mcheshi, na hana adabu ya kuuliza mtu anatoka wapi kabla hajaanza kusema. Tumezungumza.

Mvua imenyesha tena. Shayiri imefika kifundo cha mguu. Na wewe kula. Salmin anasema sauti yako kwenye simu imekonda.

Sabha


Ofisini, 22 Januari 1995

Ndugu Maitha,

Ripoti ya timu kuhusu Sal Marwa imefika, imesainiwa na mpimaji Hamdan. Nyumba kumi na moja. Tisa zimefungwa. Mbili hazina milango. Watu: hakuna. Moshi: hakuna. Kwa maelezo yako mwenyewe ya tarehe 6 Desemba, nyumba isiyo na mlango imeachwa, na kuhusu zile tisa, wenyewe wamehojiwa Khasab na Daba na wote wamesema hawajapanda kwa baridi ya pili sasa.

Hali iliyothibitishwa awali inabaki kama ilivyo. Orodha imekwenda kuchapwa leo asubuhi. Sahihi yako haina kasoro.

(Kwa penseli: Sielewi. Nadhani wewe unaelewa. Chukua likizo.)

Yaqub


Ruwi, 23 Januari 1995

Shangazi,

Milango miwili. Mmoja ni wa Obaid. Wa pili ni wa nani?

Sijui kama nakuandikia Sal Marwa au Khasab, kwa hiyo naipeleka kwa Salmin. Kila nikimpigia anasema, "Shangazi yupo, amelala," halafu anakata.

Uliniandikia kwamba wa kwa Murad wananisalimu. Ripoti inasema nyumba yao haijafunguliwa kwa miaka miwili. Bi Ghaya je? Ulikuwa peke yako huko? Miaka yote miwili?

Na mimi nina la kusema, nililiandika Novemba nikaliweka kwenye droo. Lile neno ukutani halikuwa "panachunguzwa". Ni "pameachwa", na mkono ulioliandika ni huu. Nilitaka ushuke. Nilitaka kulala. Kisha nikataka kulifuta, nikaomba ukaguzi, na nilikuwa tayari kwa lolote, nilishaanza kufungasha vitu vyangu vya mezani. Ulipaswa kukaa tu, shangazi. Ulipaswa kukaa mlangoni.

Nakuomba unijibu, hata kwa mstari mmoja.

Maitha


Khasab, Ramadhani siku ya tisa

Kwa Maitha, mtoto niliyemlea,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nikiwa nimefunga siandiki haraka, na sitaki Salmin aniandikie haya.

Siku ile ya Septemba miwani ilikuwa usoni. Nililisoma lile neno nikiwa nimesimama palepale. Na nilijua ni la nani. Unafikiri nimejifunzia kusoma kitu gani? Vitabu vya darasani vina sungura na mpira. Mimi nimejifunzia barua zako, herufi kwa herufi, miaka mitatu. Naujua unavyovuta mkia wa herufi ya mwisho kama mtu anayeburuta shuka. Nikakuuliza ili useme. Ukanidanganya. Nikakasirika siku mbili, nikafua nguo zote za nyumba ya Salmin, hata zilizo safi.

Kisha nikapanda, na mimi nikakudanganya. Wa kwa Murad hawakukusalimu. Wako Khasab, mtaa wa nyuma ya msikiti, wana televisheni kubwa kama mlango wa zizi. Bi Ghaya yuko kwa mwanawe Daba, haoni tena. Lile swali la kuolewa aliuliza kweli, lakini ni mwaka juzi. Nilikuwa peke yangu, nikikuandikia salamu za watu nilizotaka kuzisikia. Basi tusihesabiane, tuko sawasawa.

Sasa yule Hamdan. Tulikaa benchi, nikamuuliza anapanda wapi. Akasema, "Sal Marwa, mama, kwa mara ya pili, miguu yangu inaomba talaka."

"Mara ya pili ya nini?"

"Kuna binti Maskati, wa ofisini. Alithibitisha hakuna watu. Sasa anasema wapo. Tukimkuta mtu hata mmoja, binti kwisha kazi."

Nikamwambia labda alikosea tu.

"Akosee vipi na yeye ni wa hukohuko? Wamesoma faili lake, na ofisini kwetu siri haikai. Tena eti ndiye aliyeomba tupande! Mtu anajichimbia kaburi na kutuazima sisi majembe."

Nikamnunulia chai. Sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu.

Nilikufikiria, Maitha. Baba yako alipokufa ulikuwa na miaka sita. Nilikuwa nakutoa mlimani kwa punda saa tisa alfajiri uwahi shule, watu wakisema namharibu mtoto wa kike, atasahau kukanda unga. Na kweli umesahau. Nilifanya hivyo ili siku moja uwe na meza yako. Sikufanya hivyo ili meza hiyo inyang'anywe kwa ajili ya birika lenye ufa.

Siku nne kabla hawajafika nilipanda na Salmin. Tuling'oa mlango. Alilalamika kutoka kizingitini mpaka kwa punda, "Shangazi, mlango huu mzito kama maiti." Nikamwambia maiti harudishwi mahali pake, mlango unarudishwa, beba.

Salmin akashuka na mlango. Mimi nikasema nitamfuata kesho. Sikumfuata, usimgombeze, hakujua. Nilitaka kuwaona. Nililala pangoni kwa mbuzi, pakavu, si kubaya, moto sikuwasha. Walipokuja nilikuwa jaruba la juu, nyuma ya jiwe lile mlilokuwa mnatelezea. Niliwasikia kama ninavyokusikia wewe.

Mmoja akasema, "Hata huyu wa mwisho naye kaondoka na mlango."

Hamdan akasema, "Basi andika, tushuke, njaa inauma."

"Tuingie ndani tuangalie?"

"Uangalie nini? Giza?"

Walipita katikati ya shayiri yangu, mbichi, imekaribia magoti, wakaisukuma kwa miguu kama mtu anayepita sokoni. Kisha wakaandika hakuna mtu.

Nilicheka, Maitha. Halafu nikakaa pale mpaka miguu ikafa ganzi.

Mwaka ujao sitapanda. Nasema wazi ili uache kuhesabu siku na kungoja simu. Bila maji siwezi, na wewe unajua, ndiyo maana uliliandika neno lile. Lilikuwa la uongo ulipoliandika. Sasa ni la kweli, na hakuna atakayekuuliza.

Mlango uko kwa Salmin, umeegemea ukuta wa uani. Mkewe alitaka kuutia rangi nikamwambia nitampaka yeye. Kufuli limo, na ufunguo umo ndani ya kufuli. Ni wako.

Mtungi umebaki. Ulijua utabaki, haupiti mlangoni hata mlango usipokuwepo, kuutoa ni kuvunja ukuta, na ukuta ndio unaoshika paa. Lakini siku ya kung'oa nilimtuma Salmin nje akakaze kamba za punda, na mimi nikabaki ndani peke yangu. Nikamimina mtungini akiba yote ya shayiri ya miaka ya nyuma, mpaka shingoni. Nikaweka jiwe la kifuniko, nikaziba kwa udongo, nikaupapasa ukingo kwa viganja kama tunavyofanya kila tunapofunga tukijua tutarudi.

Anayehama haachi shayiri. Hata mtoto wa kwetu anajua. Hawakuingia kuangalia, na karatasi yenu haina mahali pa kuliandika hilo.

Futari imefika, Salmin ananiita.

Sabha